Ikiwa kirusi hakibagui, mbona wanyonge ndio waliokufa zaidi?

Swali: "Daktari, shikamoo. Wakati wa korona tuliambiwa kila siku kwamba kirusi hakibagui, kinampata tajiri na maskini. Na kweli, mwanzoni waliotangazwa kuugua walikuwa mawaziri, waigizaji na watu waliotoka safari za ndege. Baadaye nikaanza kusikia wataalamu wakisema janga lile liliwaua zaidi watu wa hali ya chini. Lipi la kweli? Na kama hilo la pili ni kweli, si kwa sababu hawakufuata maelekezo?"

Marahaba. Umeuliza mambo matatu kwa mkupuo, na la mwisho ndilo linaloniwasha. Nimelisikia barabarani, nimelisikia vikaoni, nimelisikia kutoka kwa madaktari wenzangu waliosoma kuliko mimi. Nitaliweka kiporo kwanza.

Tuanze na huo usemi. Kirusi hakibagui: ni kweli, maadamu unakizungumzia kirusi peke yake. Hakina macho ya kusoma hati ya mshahara. Kinachotaka ni watu wawili wavute hewa moja kwa muda wa kutosha, basi. Lakini hapo kwenye "hewa moja" ndipo penye shughuli. Nani analazimika kuvuta hewa ya nani, kwa saa ngapi, ndani ya kuta zenye upana gani, na nani ana ubavu wa kusema "leo sitoki"? Hayo yote huwa yameshapangwa miaka mingi kabla kirusi chenyewe hakijajulikana.

Ulichokiona mwanzoni ulikiona sawasawa. Korona ilisafiri kwa ndege, na ndege hupandi bila nauli. Tena mapema mwaka 2020 vipimo vilikuwa haba, na aliyepimwa ni yule mwenye daktari wa kumpigia simu. Waziri akikohoa anapimwa. Mfagiaji wa ofisi yake akikohoa anarudi kufagia. Kwa hiyo orodha uliyokuwa ukiisikia kwenye taarifa ya habari ilikuwa orodha ya waliopimwa, na wengi tuliipokea kama orodha ya wagonjwa. Machi 2020, kifo cha kwanza cha korona kuandikwa katika jimbo la Rio de Janeiro, Brazili, kilikuwa cha mfanyakazi wa ndani. Mwajiri wake alikuwa ametoka Italia. Ndani ya nyumba moja kirusi kilitoka sebuleni kikaingia jikoni, na mengi yaliyofuata kwa miaka miwili duniani yalikuwa marudio ya safari hiyo fupi.

Hii dhana kwamba gonjwa kubwa huwasawazisha watu ina umri mrefu. Mafua ya mwaka 1918 yaliua makumi ya mamilioni, na yalipopita ikazoeleka kusemwa kwamba yalizoa wote bila kuchagua. Mtakwimu mmoja wa afya ya umma huko Marekani, Edgar Sydenstricker, hakuridhika. Alikuwa na taarifa zilizokusanywa nyumba kwa nyumba katika miji kadhaa. Waliozikusanya walikuwa wameandika, kwa kukadiria kwa macho tu, kama familia inajiweza, ni ya wastani, ni maskini au ni maskini sana. Ukitaka kuwa mkali utasema ni kipimo cha ovyo, na mwanafunzi wangu akiniletea cha namna hiyo nitamrudisha. Hata hivyo, matokeo yalipochapishwa mwaka 1931 picha ilikuwa wazi: kadiri hali ya familia inavyoshuka, ndivyo waliougua walivyoongezeka.

Miongo mingi baadaye mtafiti Mnorwe, Svenn-Erik Mamelund, alichukua parokia mbili za Kristiania, jiji ambalo leo tunaliita Oslo: Frogner, ya wenye nacho, na Grønland-Wexels, ya wafanyakazi na watu wa kipato cha chini. Akafuatilia mtu mmoja mmoja na kaya moja moja, nani alikufa kwa mafua yale na nani hakufa. Ukishaondoa tofauti za umri, jinsia na ndoa, mambo ya kimaisha yaliyobaki na uzito wake yalikuwa mawili tu: parokia unayoishi na ukubwa wa nyumba yako. Kazi ya mtu peke yake haikutosha kueleza kifo chake, ila nyumba ilitosha. Mamelund huyohuyo, alipoangalia mji wa Bergen, alikuta wimbi la kwanza la 1918 liliwapata zaidi maskini na la pili likawageukia wenye nacho. Ndiyo maana ukiuliza "nani aliugua zaidi" bila kutaja mwezi, unaweza kupata jibu lolote unalolitaka.

Naomba nikae kidogo kwenye hilo la nyumba.

Wakati wa korona nilikuwa miongoni mwa waliokaa kwenye simu kuwafuatilia watu waliokutana na wagonjwa. Fomu yetu ilikuwa na kisanduku cha "idadi ya vyumba vya kulala", na chini yake "anaweza kujitenga? Ndiyo / Hapana". Kijana mmoja, mlinzi wa usiku, alinijibu chumba kimoja. Watu wangapi? Watano. Vitanda? Viwili, akasema, na vinatosha, kwa sababu vina zamu: yeye na mwenzake wanalala mchana, wale watatu wanalala usiku. Nikaona afadhali. Akaniongezea taratibu, kama anayemweleza mtoto, kwamba tangu itoke amri ya kukaa nyumbani zamu zimevurugika. Wale watatu wanaofanya kazi mchana, kazi zao zimesimama, wapo ndani saa zote, na yeye akirudi asubuhi anakuta kitanda kina mtu. Amri ileile iliyonipunguzia mimi watu wa kukutana nao ilikuwa imemwongezea yeye. Kisanduku chetu hakikuwa na mahali pa kuandika hayo. Niliweka alama kwenye "Hapana" nikapiga simu iliyofuata.

Kilichokuwa kwenye chumba kile, Singapore ilikiona kwa ukubwa wa taifa. Nchi ile ilisifiwa kwa umakini wake, na ilistahili sifa. Lakini wafanyakazi wahamiaji wapatao 300,000 walikuwa wakiishi mabwenini, wengi kwa chumba, choo kimoja, jiko moja. Desemba 2020 serikali yenyewe ilitangaza kwamba asilimia 47 ya wakazi wa mabweni hayo walikuwa wameshaambukizwa, wakati katika jamii nje ya mabweni maambukizi yalikuwa kidogo sana. Waliokufa walikuwa wachache, kwa kuwa wengi wao walikuwa vijana na walipata matibabu. Mumbai nayo, Julai 2020, watafiti walipima kingamwili katika kata tatu. Kwenye mitaa ya mabanda zaidi ya nusu ya waliopimwa walikuwa wameshapitiwa na kirusi. Nje ya mabanda, katika kata zilezile, ilikuwa kama mtu 1 kati ya 6. Hewa ya jiji moja, mvua moja, meya mmoja.

Halafu kuna kazi. Takwimu za Uingereza na Wales za miezi ya mwanzo zilionyesha kwamba kwa wanaume, walinzi walikuwa miongoni mwa wenye viwango vya juu kabisa vya vifo vya korona, pamoja na madereva wa teksi, wa mabasi, na wapishi. Ukiitazama kazi yenyewe utaelewa. Mlinzi anasimama mlangoni, penye msongamano. Kila anayeingia anamsogelea, anamwelekezea uso na kuzungumza. Anampa daftari la wageni na kalamu, ileile aliyoshika wa kabla yake. Tukamwongezea kazi ya kupima watu joto la paji la uso, yaani asogee karibu zaidi na yule hasa mwenye homa. Sisi wa hospitali tulipigiwa makofi madirishani. Sikumbuki aliyepigiwa makofi getini.

Kuhusu mwili nitapita haraka, kwa sababu hili wengi wanalijua. Kisukari, shinikizo la damu, mapafu yaliyoungua kwa moshi na vumbi, vyote huongezeka kadiri unavyoshuka kwenye ngazi ya maisha, na vyote humpa kirusi kazi nyepesi. Ila angalia neno ngazi. Watu hudhani kuna makundi mawili, maskini na wengine wote. Sivyo ilivyo. Nchini Uingereza, kati ya tarehe 1 Machi na 17 Aprili 2020, maeneo duni kabisa yalikuwa na vifo 55 vya korona kwa kila watu 100,000, na maeneo yenye neema kabisa vifo 25, ukishaondoa tofauti za umri. Katikati hapakuwa na shimo. Namba zilipanda kidogo kidogo kadiri eneo lilivyozidi kuwa duni, kwa hiyo hata mwalimu na karani walikuwa na lao. Mafua ya 2009, ambayo wengi tumeyasahau, katika nchi hiyohiyo yaliua mara tatu zaidi katika sehemu ya tano ya watu iliyo duni kabisa kuliko katika sehemu ya tano yenye neema kabisa. Na hiyo ni nchi ambayo hospitali zake ni bure tangu 1948. Hospitali ya bure haimfuati mtu kazini wala chumbani.

Hata ndani ya hospitali mambo hayalingani. Kuna kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Wakati wa korona namba yake ndiyo iliyoamua nani alazwe na nani arudishwe nyumbani. Kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha namba za kifaa hicho na vipimo vya damu yenyewe, wakakuta kwamba upungufu wa oksijeni ulimpita mgonjwa mweusi bila kugunduliwa karibu mara tatu zaidi kuliko mgonjwa mweupe. Nimekitumia kifaa hicho miaka yote ya kazi yangu nikikiamini kama ninavyoamini saa ya ukutani. Hakuna aliyekibuni kwa nia mbaya. Kilijaribiwa zaidi kwa watu weupe, ikaishia hapo. Daktari wa Wales, Julian Tudor Hart, alishaandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri hupungua hasa pale inapohitajika zaidi. Alikuwa akizungumzia zahanati, lakini hata kidole kimo.

Sasa lile swali la lipi la kweli, kwa sababu bado kuna mtego mmoja. Utamsikia mtu akisema: "Mbona mtaa wa matajiri ulizika wengi kuliko wa maskini?" Huenda anasema kweli, na bado anakosea. Chukua mfano wa kubuni. Mtaa wa kwanza una watu 10,000, na 2,000 kati yao ni wazee. Mzee 1 kwa kila 100 anakufa, na kwa waliobaki, 1 kwa kila 2,000. Hesabu: wazee 20, wengine 4, jumla 24. Mtaa wa pili nao una watu 10,000, lakini wazee ni 400 tu, kwa sababu huko watu hawafiki uzeeni kirahisi. Hatari yao ni mara mbili katika kila umri: wazee 2 kwa kila 100, wengine 1 kwa kila 1,000. Hesabu: wazee 8, wengine kama 10, jumla 18. Makaburi machache, hatari maradufu. Na kilichopunguza makaburi ni kwamba wazee walishakufa zamani kwa mambo mengine. Mtu akikuletea idadi ya vifo bila umri, mwambie akamalizie kazi yake kwanza.

Mtego wa pili ni vifo visivyoandikwa. Kwa mwaka 2020 na 2021 nchi ziliripoti vifo vya korona vipatavyo milioni 5.4. Shirika la Afya Duniani lilipokadiria vifo vya ziada, yaani waliokufa zaidi ya ambao wangekufa katika miaka ya kawaida, lilipata takriban milioni 14.9. Humo wamo pia waliokufa kwa magonjwa mengine kwa sababu huduma zilizidiwa. Pengo hilo halikugawanyika sawa. Lilikuwa kubwa zaidi pale ambapo mtu huzaliwa na kuzikwa bila karatasi.

Kati ya nchi na nchi, nitataja mawili. Chanjo, kwanza. COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo za korona, ulikusudia kugawa dozi bilioni 2 kufikia mwisho wa 2021. Ya bilioni 1 ilifika Januari 2022. Mwaka 2021 ulipokwisha, katika nchi za kipato cha chini waliokuwa wamepata hata dozi moja walikuwa chini ya asilimia 10, wakati nchi tajiri zilikuwa zikidunga ya tatu. Hapo hata mtetezi hodari wa "kirusi hakibagui" anakosa la kusema.

La pili ni la zamani na ndilo ninalolipenda, kwa sababu linanizuia nisianze kuamini kwamba umaskini ni hukumu ya kifo. Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitoka Auckland ikatia nanga Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya New Zealand, ikiwa na wagonjwa wa mafua. Abiria wakaruhusiwa kushuka. Walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja kwa kila watano. Mwendo mfupi wa bahari kutoka hapo kuna Samoa ya Marekani: watu walewale, lugha ileile, uchumi uleule. Gavana wake, John Martin Poyer, alifunga bandari. Hakufa mtu hata mmoja kwa mafua yale. Kilichozitenga Samoa hizi mbili kilikuwa uamuzi wa ofisini. Mwaka 2002 waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba Wasamoa radhi.

Haya, kiporo chetu: je, hawakufuata maelekezo?

Maelekezo yalikuwa matatu: nawa mikono, kaa nyumbani, jitenge ukiugua. La kwanza linataka maji na sabuni, na duniani wakati ule zaidi ya watu bilioni 2 hawakuwa na hayo majumbani mwao. La pili linataka akiba, na watu wapatao bilioni 2 wako kwenye kazi zisizo rasmi, ambazo siku usipokwenda hulipwi. La tatu linataka chumba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tulioandika maelekezo tulikuwa tumeshiba. Huko Santiago, Chile, watafiti walifuatilia mienendo ya watu wakati wa amri ya kukaa ndani. Wakazi wa manispaa tajiri walipunguza sana kutembea, wa manispaa maskini walipunguza kwa kiasi kidogo kuliko wao. Ukiishia hapo utasema maskini ni wakaidi. Lakini amri ilikuwa moja na redio ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni kazi zipi zinafanyika mbele ya kompyuta. Sikatai kwamba wakaidi wapo. Wapo kila ngazi, na wa ngazi za juu ukaidi wao una bustani ya kufanyia sherehe.

Njia nzuri ya kujua kama tatizo ni tabia au uwezo ni kubadilisha uwezo, tabia ukaiacha ilivyo. Marekani ilifanya hivyo bila kukusudia utafiti. Machi 2020 ilipitisha sheria ya dharura iliyowapa wafanyakazi wengi likizo ya ugonjwa yenye malipo. Katika majimbo ambako haki hiyo ilikuwa mpya kabisa, wachumi walikadiria baadaye kwamba wagonjwa waliothibitishwa walipungua kama 400 kwa siku kwa kila jimbo. Watu walikuwa walewale, hawakuwa wamehudhuria semina. Walilipwa tu wabaki nyumbani, wakabaki. Mwaka uliofuata, California nayo ilitenga asilimia 40 ya dozi za chanjo kwa ajili ya robo ya maeneo yenye hali duni zaidi, badala ya kusubiri nani atawahi kujiandikisha kwenye intaneti. Wapo waliolalamika kwamba ni upendeleo. Mimi ningeanza na hilo tangu siku ya kwanza.

Yule mlinzi wa zamu za kitanda, majibu yake yalipotoka, alikuwa na maambukizi. Tulimtafutia chumba katika bweni la wanafunzi lililokuwa tupu: kitanda chake mwenyewe, dirisha, chakula kinaletwa mlangoni. Nilijisikia tumefanya la maana. Siku ya pili aliniuliza kwenye simu nani atamlipa siku hizi kumi. Nikamwambia nitaulizia, na niliulizia kweli. Hapakuwa na fungu. Siku ya nne nilipompigia alipokea haraka, kwa sauti ya chini. Nyuma yake geti lilikuwa likifunguliwa, na mtu akimwomba kalamu.